Gesi ya AC nusura inipe jina la mwizi!

Wapenzi wasomaji, mmewahi kuitwa mwizi bila neno lenyewe kutamkwa? Heri uitwe waziwazi. Ukiitwa waziwazi unashika kiuno, unajibu, mtaa unajaa, mambo yanaisha. Lakini ukiulizwa kwa upole, "Shem, hivi ile hela ya gesi ilitumikaje vile?", utajibu nini? Unabaki unameza mate.

Mimi yamenikuta. Na kilichoniponza si dhahabu wala kiwanja. Ni AC. Ndiyo, kiyoyozi! Sasa kama unacho ndani kwako, au unamwomba Mungu siku moja uwe nacho, kaa kitako unisikilize, maana kisa hiki kina faida ya mfuko wako.

Kwanza msinione mama wa kishua. Sisi ni watu wa Tabata, watu wa feni. AC iliingia kwetu kwa sababu ya baba mkwe. Mwaka 2022 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, maneno nayo yakapungua mpaka yakabaki ya kuhesabu. Tukamchukua tukae naye. Anayeijua Dar es Salaam kuanzia Desemba mpaka Machi hahitaji kusimuliwa. Mtu mzima na afya yake anageuka usiku kucha kama samaki kikaangoni. Je, yule asiyeweza kujigeuza? Jasho likikaa mgongoni ngozi inalainika, inachubuka, na kidonda cha mgongo kikishaanza ni shughuli nzito. Hospitali walituambia tumgeuze kila baada ya saa mbili na ngozi yake iwe kavu. Kumgeuza tuliweza. Jasho ndilo lilitutoa jasho, maana chumba kikishachemka, feni inakupulizia joto lile lile.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Marekani, jimbo la Maryland. Akatuma hela. Tukapata AC ya BTU 12,000 iliyokuwa kwenye ofisi moja inayohama, kwa shilingi 550,000. Chumba cha baba kikapigwa rangi, likaingia kabati jipya, AC ikafungwa. Jamani! Siku ile baba mkwe alilala usingizi mpaka tukawa tunaingia kuangalia kama anapumua.

Raha ile haikudumu. Desemba 2022 AC ikaanza kupuliza hewa ya uvuguvugu. Akaitwa fundi, kijana mmoja wa mtaani kwetu, mchangamfu, na begi lake mgongoni. Akafunga geji, akatazama, akatoa hukumu: "Mama, gesi imeisha." Akajaza. Shilingi 80,000. Baridi ikarudi.

Mei 2023, uvuguvugu tena. "Gesi imeisha." Safari hii nikamuuliza: "Mwanangu, hiyo gesi inakwenda wapi?" Akacheka. "Inatumika, mama. AC ikifanya kazi inakula gesi, kama jiko."

Baba watoto akaitikia kwa kichwa. Mimi haikuniingia. Friji yangu niliyoolewa nayo imezeeka pamoja na mimi, na haijaongezwa gesi hata siku moja, wakati nayo inapoza kwa gesi vilevile. Iweje ya jikoni ishibe milele na ya chumbani iwe na njaa kila msimu? Nikanyamaza, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anasubiri baridi. Lakini kwenye daftari langu la matumizi, lile la nyanya na mkaa, nikafungua ukurasa mpya: GESI.

Ukurasa ule ulikuja kujaa hivi. Desemba 2022, 80,000. Mei 2023, 80,000. Septemba 2023, 90,000. Desemba 2023, 90,000. Januari 2024, 100,000. Jumla shilingi 440,000 ndani ya miezi 13! Tazama pia zile tarehe. Mara ya kwanza ilikaa miezi mitano, halafu minne, halafu mitatu, mwisho mmoja. Pengo linafupika. Na LUKU nayo ilikuwa inanyonywa kama soda kwa mrija, maana gesi ikipungua kompresa haipumziki, inahangaika mchana kutwa na chumba hakipoi.

Hela zote zile zilitoka Maryland. Kila "gesi imeisha", mume wangu anapiga simu, shemeji anatuma. Mtu wa watu alikuwa hahoji. Mpaka Februari 2024.

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo shemeji huzungumza na baba yake. Simu tulikuwa tumeiweka kwenye mto, sauti ya wazi, ili mzee asikie. Mume wangu, bila hiana, akachomekea kwamba AC imegoma tena, fundi anasema gesi. Kule upande wa pili kukawa kimya. Halafu shemeji akasema taratibu, Kiswahili cha kistaarabu kabisa: "Kaka, mimi mwezi uliopita yangu iliharibika. Nimejifunza jambo. Gesi ya AC haiishi. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Sasa mara tano mnajaza, inakwenda wapi? Shem, hivi ile hela ya gesi ilitumikaje vile?"

Shem ni mimi. Mshika daftari. Mshika hela.

Msomaji, hapa lazima nikueleze ya Maryland, vinginevyo utadhani shemeji alikuwa na roho mbaya tu. Kule wana baridi ya kuua, na nyumba nyingi zinatumia mtambo unaoitwa pampu ya joto. Ukiutazama ni ndugu wa damu wa AC. Una boksi la nje na koili ya ndani, kati yao mabomba ya shaba yenye gesi. Wakati wa kiangazi gesi inachota joto ndani na kulitupa nje, kama AC yetu. Majira ya baridi yakija, valvu moja inageuza njia, gesi inachota joto huko huko nje kwenye baridi na kulileta ndani. Usishangae: hewa ya baridi nayo ina joto ndani yake, na gesi ikiwa baridi zaidi ya hewa hiyo inaweza kulichota. Kwa kuwa mtambo unahamisha joto badala ya kulitengeneza, umeme wa kiasi kimoja unaweza kuleta joto la mara mbili hadi nne.

Sasa Januari ile mtambo wa shemeji uliishiwa nguvu. Katika mitambo mingi ya kule, pampu ikishindwa, waya za umeme za akiba zinawaka zenyewe kuokoa jahazi. Nyumba ikabaki na joto, lakini bili ikapaa mpaka shemeji akashika kichwa. Fundi akaja, akapima, akamwambia koili ya ndani inavuja. Hakumjazia gesi akaondoka. Akabadili koili. Kule fundi haruhusiwi kushika gesi hizo bila cheti, na kuziachia hewani makusudi ni kosa kisheria. Ndiyo sababu shemeji alizungumza kama mwalimu. Alikuwa ametoka darasani, na ada amelipa.

Alichosema kuhusu gesi kilikuwa kweli tupu. Alichokifikiria kuhusu mimi hakikuwa kweli hata chembe. Na vyote viwili vilisimama kwenye sentensi moja! Hapo ndipo nilipokwama. Ningebisha kwamba gesi inaisha, ningekuwa mwongo. Ningekubali kwamba haiishi, basi hela iko wapi?

Kabla sijafungua mdomo tulisikia kishindo. Baba mkwe alikuwa anapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Hakupata neno, machozi tu yakawa yanateremka kuelekea sikioni. Nikamfuta kwa ncha ya khanga. Halafu nikasema kwenye simu: "Shemeji, swali hilo nililiuliza mimi Mei mwaka jana. Nipe wiki moja nikuletee jibu."

Kesho yake nikaenda kwa muuza bucha wetu. Kwa nini bucha? Kwa sababu friji la bucha likizima siku moja, ni ng'ombe mzima amekwenda na maji. Mtu yule hawezi kuwa na fundi wa kubahatisha. Akanielekeza kwa fundi wake, mtu mzima mwenye mvi, mpole, asiye na maneno mengi. Alikuja na vitu viwili ambavyo yule kijana hakuwahi kuja navyo: mtungi wa naitrojeni na pampu ya kuvuta hewa.

Cha kwanza hakugusa gesi. Alifungua kifuniko, akatoa chujio, akalitazama kwenye mwanga. Akasema chujio likiziba vumbi, koili ya ndani inaweza kuganda barafu hata kama gesi imejaa tele, na watu wengi wanauziwa gesi wakati wanahitaji maji na brashi tu. La kwetu lilikuwa safi, nalisafisha kila wiki mbili. Akamulika tochi ndani. "Mama, njoo uone." Katikati ya yale mapezi membamba ya aluminiamu kulikuwa na doa jeusi lenye mafuta. Akanieleza kwamba mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo pakivuja gesi, mara nyingi mafuta huacha alama.

Akakusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, akaifungua koili, akaitoa uani. Akaziba mdomo mmoja, mwingine akaunga na mtungi wa naitrojeni. Nikamuuliza kwa nini asitumie oksijeni, maana niliwahi kusikia mafundi wakiitumia. Fundi akaacha kazi akanitazama. "Mama, ukimwona fundi anapimia AC kwa oksijeni, toa watoto ndani, halafu mfukuze. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka." Nimelinukuu kwenye daftari neno hilo, na wewe linukuu.

Tukaleta nusu ya pipa lenye maji. Koili ikazamishwa. Wee! Povu likaanza kupanda, viputo vidogo kama vya soda. Si sehemu moja. Tatu! Mume wangu akachuchumaa, akatazama, akasema taratibu, "Kumbe hela zetu zinatokea hapa." Nikachukua simu nikarekodi: pipa, geji, viputo, sauti ya fundi akieleza.

Nikauliza tusizibe tu kwa kuchomelea. Fundi akatikisa kichwa. Akasema kuna kutu ya shaba ambayo wataalamu wanaifananisha na kichuguu, kwa sababu ukiitazama kwa hadubini unaona vinjia vingi vimepinda ndani ya ukuta wa bomba kama njia za chungu. Inatokana na unyevunyevu wa koili, hewa, na asidi kidogo sana inayotoka kwenye vitu vya kawaida vya nyumbani: gundi ya mbao za kubandika, baadhi ya rangi, siki, baadhi ya sabuni na dawa za usafi. Ofisi au chumba, popote inaweza kuanza. Ukuta wa bomba la koili ni mwembamba mno, haufiki hata milimita moja. Ukiziba vitundu vitatu leo, kesho vinazaliwa vingine pembeni. Dawa ni koili mpya.

Hapo likaja swali la pesa. Kubadili koili au kununua AC nyingine? Fundi alinipa hesabu ambayo nakupa bure. Tazama mambo matatu. Kwanza kompresa: ikiwa nzima, unayo sababu ya kutengeneza. Pili koili: lazima iwe ya modeli hiyo hiyo au inayolingana na boksi la nje, usifungiwe yoyote kwa sababu imeingia kwenye tundu. Tatu gesi: soma kibandiko cha boksi la nje. Kikisema R22, fikiri mara mbili. Gesi hiyo inaharibu ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zimepangiwa kuacha kuiingiza ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Kutia koili mpya kwenye mtambo wa R22 ni kama kumnunulia viatu vipya mtu anayehama mji. AC nyingi mpya zina R32, ambayo inaweza kushika moto kiasi, kwa hiyo fundi wake lazima awe anajua anachofanya.

Yetu ilikuwa R410A, kompresa nzima. Koili mpya ya modeli ile ile tuliipata Kariakoo kwa 280,000. Kulikuwa na ya mtumba kwa nusu ya bei, fundi akaikataa: "Tutanunua kichuguu kingine." Kazi, naitrojeni na gesi, 190,000. Jumla 470,000. AC mpya ya saizi ile tuliambiwa 1,150,000 kabla ya kufunga. Sasa weka 470,000 karibu na ile 440,000 ya kujaza mara tano. Tofauti ni 30,000 tu! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumeshalipia ukuta na ufa bado upo.

Kazi ilichukua siku nzima, na baba mkwe tulimhamishia sebuleni, tukimpepea kwa zamu. Fundi alifunga koili, akajaza naitrojeni, akaiacha kwa saa nzima huku ananywa chai. Sindano ya geji haikusogea. Akaitoa, akawasha pampu ya kuvuta hewa zaidi ya nusu saa. Alisema hewa na unyevu vikibaki ndani ya mabomba vitakula kompresa polepole. Ndipo akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani na kujaza kwa uzito, kama muuza sukari, kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Yule kijana alikuwa anajaza kwa kugusa bomba na kiganja! AC ilipowaka, fundi akapima: hewa inaingia nyuzi 30, inatoka 18.

Jioni ile nilituma Maryland vitu vitatu: video ya pipa, picha ya daftari, picha ya risiti. Sikuandika maneno makali. Niliandika, "Shemeji, jibu lako hilo."

Alama zikaonyesha amesoma. Siku mbili kimya. Siku ya tatu akatuma 470,000 na juu yake 50,000, akaandika "ya soda ya shem". Neno samahani halikuwepo. Jumapili alipopiga aliomba kwanza aongee na mimi, kabla ya baba yake. Tukazungumza habari za koili kama mafundi wawili. Akaniambia yake ya ndani ilikuwa na dhamana, koili alipewa bure, ila kazi na gesi alilipa mfukoni, na sasa anasikia tangu 2025 viwanda kule visitengeneze mitambo mipya ya nyumbani ya R410A. Nilimsikiliza. Wanaume wengine wanaomba radhi kwa njia hiyo, na mimi nilipokea.

Na yule kijana? Dada zangu walitaka nimchambe mtaani. Sikumchamba. Mtungi wa naitrojeni na pampu ni mtaji mkubwa, yeye hana. Na ukweli mwingine tuuseme: wateja wengi wakiambiwa "lipa kwanza ya kutafuta tundu" wanaruka, wakiambiwa "jaza gesi" wanatoa. Anayeuza gesi anashinda na njaa mara chache kuliko anayeuza ukweli. Nilimwita aje aone pipa. Alitazama viputo mpaka mwisho. Mwezi uliofuata alikuwa anambebea vifaa fundi wa bucha.

Baba mkwe alitutoka mwaka 2025. Alikufa usingizini, mgongo wake mzima, bila kidonda hata kimoja. Shemeji alikuja kumzika. Kabla ya kurudi aliomba aione ile koili ya zamani. Nilikuwa nimeihifadhi stoo. Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akatafuta vile vitundu kwa macho. Havionekani kwa macho. Akanirudishia, akasema, "Pole, shem." Nikamjibu, "Tumeshapoa."

Sasa wapenzi, nawaachia haya. Ukiambiwa gesi imeisha, uliza tundu liko wapi. Jaza mara moja kama kuna mgonjwa au mtoto mchanga, lakini mara ya pili lipia kutafuta, usilipie kujaza. Dai koili ya zamani mkononi mwako. Na kama hela inatoka ng'ambo, fungua daftari leo, andika na tarehe, hata kama anayetuma hajawahi kuuliza. Siku akiuliza, kumbukumbu yako haitakusaidia kitu, maandishi yatakusaidia.

Haya, tuonane wiki ijayo. Leo ni siku ya kusafisha chujio.